Muuza Silaha Kwenye Mlango wa Shule

Miongoni mwa maneno ambayo Watanzania wameyatunga wenyewe, bila ya kungojea baraza la lugha, ni haya: chenji ya rada. Mwaka 2012 ilikuwa shida kumpata mtu mzima asiyeyajua. Palikuwa na vitabu vya chenji ya rada na madawati ya chenji ya rada, na mtoto wa darasa la pili aliweza kulikalia neno hilo asubuhi nzima bila ya kujua limetoka wapi. Neno lenyewe lina mzaha, kwa sababu chenji ni kile kinachorudishwa dukani mtu anunuapo sukari, nacho aghalabu ni sarafu mbili tatu. Walakini chini ya mzaha huo limo suala zito la maadili, nalo ndilo tunalotaka kulitazama pamoja na ndugu wasomaji: je, muuza silaha aweza kuwa mfadhili wa shule? Na akija na kitabu mkononi, tumpokee, tumrudishe, au tumwulize kwanza?

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya watu wa London, hayatuhusu sisi wa Rulenge, tulio karibu na Burundi na Rwanda kuliko Dar es Salaam. Jawabu ni kwamba yanatuhusu mara mbili. Sisi wa Ngara na Biharamulo tumeijua silaha yenyewe, na shule zetu zilihesabiwa katika mgao wa fedha za muuza silaha. Ni watu wachache duniani waliofikiwa na vyote viwili.

HABARI YA RADA

Tuanze na habari, maana hukumu isiyotanguliwa na habari sahihi ni dhulma.

Mwishoni mwa mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilitoa kibali cha kuuzwa kwa Tanzania mtambo wa rada wa kampuni ya BAE Systems, kampuni kubwa ya silaha ya nchi hiyo. Bei ilikuwa pauni milioni 28, na fedha zilikopwa benki. Wataalamu wa usafiri wa anga, waliotakiwa na Benki ya Dunia kuuchunguza mtambo huo, walisema kwamba bei yake ilikuwa kubwa mno na kwamba haukufaa vyema kwa kazi ya kuongoza ndege za kiraia. Katika baraza la mawaziri la Uingereza kwenyewe, Bibi Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliupinga ununuzi huo waziwazi. Hakusikilizwa.

Sasa zitazame tarehe. Novemba 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa kusamehewa madeni kwa nchi maskini. Mwanzoni mwa mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tulioujua kwa jina la MMEM, ulioambatana na kufutwa kwa ada, na watoto wakamiminika shuleni kwa wingi ambao madarasa hayakuwa tayari kuupokea. Basi katika miezi ile ile nchi ilipopunguziwa deni ili isomeshe watoto, ilichukua deni jingine ili inunue rada kwa muuza silaha. Rada hiyo ilisimikwa Dar es Salaam, na jicho lake haliwezi kufika katika anga la Rulenge. Lakini deni lake lilifika, kwa kuwa deni la nchi halina wilaya.

Mwaka 2010 kampuni ile ilifikia mapatano na ofisi ya Uingereza inayochunguza udanganyifu mkubwa wa fedha. Ilikiri kosa la kutotunza hesabu zake sawasawa, ikakubali kutoa pauni milioni 30 kwa manufaa ya watu wa Tanzania, zikitolewa humo fedha za faini. Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza faini ya pauni 500,000, zikabaki pauni milioni 29.5. Mahakama ilielezwa kwamba wakala mmoja alikuwa amelipwa dola milioni 12.4 kuhusu biashara hiyo, na jaji hakuficha kwamba ni vigumu kuamini kuwa fedha zote hizo zilikuwa ujira wa kuitangaza bidhaa tu. Hata hivyo kosa la rushwa halikushtakiwa, na kwa hiyo halikuhukumiwa.

Fedha hazikuja mara moja. Kampuni iliunda bodi yake ya kuishauri jinsi ya kuzitumia. Mwaka 2011 wabunge wa Tanzania walifunga safari hadi London kuzidai, na kamati ya bunge la Uingereza ikailaumu kampuni kwa kuchelewa. Hatimaye, Machi 2012, yaliafikiwa makubaliano ya kuzilipa kwa serikali ya Tanzania ili zinunuliwe vitabu vya kiada, viongozi vya walimu na madawati kwa shule za msingi za nchi nzima, zipatazo 16,000. Ngara na Biharamulo zimo katika hesabu hiyo.

HAKI AU HISANI?

Ndugu msomaji, swali la kwanza katika mali yoyote inayotolewa si wingi wake. Swali la kwanza ni jina lake. Shilingi mia moja yaweza kuwa mshahara, sadaka, zawadi, mkopo, rushwa, au haki iliyorudishwa kwa mwenyewe. Sarafu ni ile ile, bali hukumu ni mbalimbali, na wajibu unaombaki aliyepokea ni mbalimbali vilevile. Anayepokea mshahara amekwisha kulipa kwa jasho lake. Anayepokea zawadi hubaki na shukrani. Anayepokea rushwa huwa ameuza kitu ambacho hakikuwa chake. Ama anayerudishiwa haki yake, huyo habaki na wajibu wowote ila kuihesabu na kuitia mfukoni.

Je, hizi pauni milioni 29.5 zilikuwa na jina gani? Kampuni iliziita malipo ya hiari kwa manufaa ya watu wa Tanzania. Hilo ni jina la hisani. Watanzania waliziita chenji. Na hapo, kwa maoni yetu, mtu wa sokoni aliona mbali kuliko wanasheria, kwani chenji haiombwi kwa unyenyekevu, wala muuza duka hapigiwi makofi kwa kuitoa. Chenji ni mali ya mnunuzi iliyokuwa imekaa mkononi mwa muuzaji. Ila jina hilo nalo lina kasoro moja. Chenji hupungua bei, ilhali hapa kilichorudishwa, kwa hesabu ya pauni, kilizidi bei yenyewe: bei milioni 28, marejesho milioni 29.5. Muuza duka anayekurudishia zaidi ya ulichompa, kisha akasema kosa lake lilikuwa ni uandishi wa daftari tu, amekuambia jambo kubwa bila ya kufungua mdomo.

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba toba katika haki za waja haitimii kwa majuto ya moyo peke yake. Ni lazima haki irudi kwa mwenyewe. Na mtu aliyeshika mali ya mwenziwe, naye anamjua mwenye mali, hawezi kuigeuza ikawa sadaka yake na kungojea thawabu. Atakuwa amelipa deni tu, nalo ni jema, lakini mdeni haitwi mfadhili. Mtu akikurudishia mbuzi asiye wake, hana haki ya kukuchagulia kama umchinje au umfuge, na wala hapaswi kutundikiwa jina lake zizini.

Kwa hiyo, ama kuhusu fedha za rada, jawabu letu ni wazi. Kupokea kulikuwa halali na sawa. Waliolipa deni la rada ni walipa kodi wa nchi hii, pamoja na mkulima wa kahawa na ndizi wa Ngara ambaye hajapata kuiona rada. Mtoto aliyelikalia dawati lile alilikalia kama haki ya baba yake. Kilichokuwa hatari ni kule kutaka kuibadilisha haki ikawa zawadi, na ile bodi ya muuzaji iliyokaa kufikiri juu ya namna mali ya mnunuzi itakavyotumika. Laiti jambo lingekwenda hivyo mpaka mwisho, watoto wetu wangefundishwa kumshukuru aliyewapunja wazee wao, na hilo lingekuwa somo la kwanza katika kitabu hicho, hata kama halikuchapwa.

MUUZA SILAHA ANATAFUTA NINI DARASANI?

Ikiwa rada ilikuwa ni marejesho, yapo mahali pengine ambapo mwenye kiwanda cha silaha huingia darasani bila ya kudaiwa chochote, kwa hiari yake na kwa tabasamu. Huko Uingereza, kuanzia mwaka 2005, kampuni ile ile ilianzisha msafara wa mafunzo unaozunguka katika mamia ya shule kila mwaka, kwa ushirikiano na majeshi ya nchi hiyo, ukiwavutia watoto kwenye sayansi na uhandisi kwa michezo na maonyesho. Waliouanzisha husema kwamba nia yao ni kuwapa watoto hamu ya hisabati. Huenda wanasema kweli. Lakini kweli ya namna hiyo yataka kupimwa.

Kipimo tunacho sisi Waislamu katika kisa mashuhuri cha mtoza zaka. Alirudi kwa Mtume (s.a.w.) na mali katika mafungu mawili, akasema kwamba fungu moja ni la umma na la pili yeye amepewa zawadi. Mtume alikasirika, akawahutubia watu, akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, kisha ikaonekana kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Hicho ni kipimo cha ajabu kwa wepesi wake. Zawadi ambayo isingekuja kama usingekuwa na cheo, basi imekuja kukifuata cheo.

Tukipime nacho kiwanda cha silaha. Je, kingekwenda shuleni kama shuleni pasingekuwa na kitu kinachokihitaji? Hebu tukihesabu kinachohitaji. Kwanza, kinahitaji wahandisi vijana, nao hupatikana kwa urahisi zaidi wakizoeshwa tangu utotoni. Pili, mnunuzi wake mkubwa ni serikali, na serikali huogopa wapiga kura, kwa hiyo kinahitaji raia watakaokua wakiliona jina lake kuwa jina la rafiki. Tatu, kinahitaji kimya. Mtoto aliyefundishwa jinsi kombora linavyoruka, bila ya kufundishwa linapoangukia, amefundishwa nusu ya somo, na nusu iliyofichwa ndiyo yenye watu. Vitu vyote hivi vitatu shule huvitoa kwa bei ndogo sana: vifaa vichache, siku moja ya furaha, na picha ya pamoja na mwalimu mkuu.

Kiwanda cha sabuni nacho hutafuta wateja shuleni, mtu atasema. Kweli, na hilo nalo lina ubaya wake. Lakini sabuni ikiuzwa sana, watu huwa safi. Risasi zikiuzwa sana, nani huwa nini? Muuza silaha ni mfanyabiashara ambaye mwaka wake mzuri ni mwaka mbaya wa watu wengine. Si lazima awe mtu katili. Anaweza kuwa mpole, mwenye kuwapenda watoto wake na kufunga mkanda wa gari. Sisi hatusemi habari za moyo wake, tunasema habari za daftari lake la faida.

MASANDUKU MAWILI YA VITABU

Sasa tuje nyumbani. Mnamo tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Mapanga na silaha nyingine zilirundikana pale mpakani, kwa sababu waliovuka waliamriwa kuziacha. Benaco, mahali ambapo jana yake hapakuwa na mji, pakawa na watu wengi kuliko miji yetu. Na wengi wa watu hao walikuwa watoto.

Ndipo yakaletwa masanduku ya shule. Shirika la UNESCO, pamoja na mashirika mengine, lilileta Ngara vifaa vya dharura vya mwalimu ambavyo vilikuwa vimekwisha kutumika Somalia: chaki, madaftari, penseli na mwongozo wa kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu. Hayakuwa na fahari yoyote. Yalikusudiwa kumpa mtoto aliyetoka kwenye mauaji saa chache za mchana ambazo ndani yake mambo yana utaratibu: moja na moja ni mbili, na jibu hilo halibadiliki kwa kabila la mtoto.

Lilinganishe hilo na sanduku jingine. Kuanzia mwaka 1984 hadi mwaka 1994, shirika la misaada la serikali ya Marekani lilikipa Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Omaha dola milioni 51 kwa miradi ya elimu ya Waafghani, waliokuwa wakati ule wakipigana na majeshi ya Urusi ya Kisovieti. Vikachapwa vitabu vya shule ambavyo ndani yake mtoto alijifunza kuhesabu kwa picha za bunduki, risasi na vifaru, na dini yenyewe ikatiwa humo kama baruti. Vita na Wasovieti vikaisha, vitabu havikuisha. Watawala waliokuja baadaye walivitumia vile vile, wakafuta nyuso za watu kwa kuwa waliona kuchora nyuso ni haramu. Ilipofika mwaka 2002, baada ya vita vingine, ikabidi picha za silaha ziondolewe ili vitabu vichapwe upya.

Hatuwezi kusema kwamba kiwanda ndicho kilichoviandika vitabu hivyo, maana viliandikwa kwa fedha za serikali. Tunavitaja kwa sababu vinatuonyesha mwisho wa njia. Mtoto wa mkimbizi wa Benaco na mtoto wa mkimbizi wa Afghanistan wote wawili walihitaji kujua kuhesabu. Mmoja alipewa namba ziwe zake, mwingine alipewa namba zilizokwisha kupangiwa vita. Samaki hukunjwa angali mbichi, na anayemkunja hujua anamkunjia upande gani.

Nasi huku tumeona jinsi silaha isivyorudi kwao vita vikiisha. Si zote zilizoachwa pale darajani. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita katika mapori ya Biharamulo na Ngara yalikuwa yakisindikizwa na askari kwa kuwaogopa majambazi wenye bunduki. Abiria wa mabasi hayo walikuwa wachuuzi, wagonjwa waliopelekwa hospitali, na wanafunzi waliokuwa wakienda au kutoka shule za bweni. Bunduki zile hazikutengenezwa Ngara. Zilitoka kiwandani zikiwa mpya, zikauzwa kwa hati, na mahali fulani katika safari yao hati ikapotea, bunduki ikabaki.

HOJA ZA WENZETU

Wapo wenzetu wenye hoja, nao wana haki ya kusikilizwa.

Hoja ya kwanza: sisi watu wa Kagera hatuwezi kuzidharau silaha. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvamia mkoa huu, wakaua na kupora kaskazini ya mto Kagera, na hawakutolewa kwa hotuba, bali kwa mizinga. Hoja hii ni ya kweli, na asiyeikubali hajui historia. Taifa lina haki ya kujilinda, na askari aliyelinda mpaka ana heshima yake. Lakini kati ya mlinzi na muuzaji pana tofauti kubwa. Mlinzi hufurahi vita vikiisha. Hebu mfikirie muuza sanda. Kila mji unamhitaji, hapana anayemchukia, na kazi yake ni ya heshima. Walakini hapana zahanati duniani inayomkaribisha muuza sanda katika kikao cha kupanga matibabu, si kwa sababu ni mtu mbaya, bali kwa sababu faida yake imekaa upande usiofaa wa kitanda.

Hoja ya pili: shule zetu ni maskini, na mkono mtupu haulambwi. Mwalimu mwenye watoto 100 katika darasa moja hana nafasi ya kuuliza dawati limetoka wapi. Hoja hii inauma, nasi hatuijibu kwa wepesi. Ila tunasema mambo mawili. Mosi, umaskini huo una sababu, na miongoni mwa sababu hizo ni fedha zilizokwenda kwenye manunuzi ya namna ile ile. Aliyekuvua viatu halafu akakuuzia kandambili hajakusaidia kutembea. Pili, msaada wa mara moja haukuimaliza haja. Mwaka 2016, miaka minne tu baada ya madawati ya rada, nchi nzima ilikuwa tena katika kampeni kubwa ya kutafuta madawati. Shule husimama kwa kodi inayokusanywa kwa haki na kutumiwa kwa uaminifu kila mwaka, na mgeni mwenye zawadi hawezi kushika nafasi ya hilo.

Hoja ya tatu ni ya werevu zaidi. Alfred Nobel, Msweden aliyevumbua baruti ya dainamaiti, na ambaye miaka yake ya mwisho alimiliki kiwanda cha mizinga cha Bofors, aliusia mali yake itumike kuwatuza wataalamu na wapenda amani. Mwaka 2021 tuzo ya fasihi ilimwendea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, na Waswahili wote tulifurahi. Je, tulikosea? La hasha. Nobel alifariki mwaka 1896. Hauzi tena kitu. Tuzo yake haimwombi Gurnah amsifu mwenye kiwanda, wala hairuhusu kiwanda kumchagulia maneno ya kuandika. Kumbe basi hatusemi kwamba mali ikishagusa silaha imenajisika milele hata isitumike kwa kheri. Tunasema kwamba muuzaji aliye hai, mwenye bidhaa dukani, asipewe kiti cha mwalimu.

Hoja ya nne: watoto wakinyimwa maonyesho ya viwanda hivyo, watakosa sayansi na kazi. Hapo tunawaalika wenzetu waende Rusumo. Pale pale walipovukia wakimbizi wa mwaka 1994, maji ya mto Kagera yanazungusha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 80, zinazogawanywa sawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mitambo hiyo ilianza kuzalisha umeme mwishoni mwa mwaka 2023. Ipo humo fizikia yote anayoihitaji mtoto wa Rulenge: uzito, kasi, mzunguko, sumaku, waya na hesabu ya kugawa kwa tatu. Na ipo humo siasa njema kuliko fizikia, kwani nchi tatu zilizowahi kupokezana wakimbizi sasa zinapokezana umeme. Kama ni maonyesho, watoto wetu wapelekwe huko. Wala sayansi haifi kwa kukataa vita. Chuo Kikuu cha Bremen, huko Ujerumani, kilijiwekea tangu mwaka 1986 kanuni ya kutofanya utafiti wa kijeshi, nacho kinaendelea kusomesha wahandisi.

YATUPASAYO

Baada ya hayo yote, tumwambie nini mjumbe wa kamati ya shule ambaye kesho ataletewa barua ya ufadhili, iwe ya muuza silaha au ya yeyote mwingine ambaye biashara yake ina madhara kwa watu? Tunampa maswali matatu, nayo yanatosha kuulizwa chini ya mwembe bila ya mwanasheria.

La kwanza: hii ni haki yetu au ni zawadi yake? Ikiwa ni haki, ipokelewe, ihesabiwe hadharani, na iitwe kwa jina lake. Isipigiwe ngoma.

La pili: ingekuja kama tusingekuwa na kitu anachokitaka? Ikiwa isingekuja, basi kijulikane kwanza kile anachokitaka, kisha wazee waamue kama ni chao cha kuuza. Akili ya mtoto si mali ya kamati ya shule. Ni amana, na mwenye amana hauzi.

La tatu: nani atakayechagua maneno? Anayechagua maneno ya kitabu, picha ya ukutani na mgeni wa siku ya mahafali, huyo ndiye mwalimu, hata kama hajashika chaki. Ikiwa sharti la fedha ni kwamba mtoaji achague, jibu liwe ni asante, hapana.

Rulenge inajulikana mbali zaidi kwa jimbo la Kikatoliki lililochukua jina lake, na sisi Waislamu wa huku ni majirani wa watu hao katika soko moja, zahanati moja na madawati yale yale. Suala hili basi si la msikiti peke yake. Mzazi Mkristo na mzazi Mwislamu wanaokaa pamoja katika kikao cha shule wana hofu moja na tumaini moja, kwani risasi ya porini haikuuliza abiria anasali wapi. Yawapasa walikubaliane jambo hili mapema, kabla ya barua kufika, maana mtu mwenye njaa akiletewa chakula mezani si rahisi tena kumwuliza mpishi.

Aliyelipa deni lake na afunguliwe mlango, alipe, apewe risiti, aende zake. Ama aliyekuja kutafuta wateja miongoni mwa watoto wa darasa la kwanza, huyo na ambiwe kwa adabu kwamba shule hii imekwisha kupata walimu.